Nyumba Zote Zina Sisimizi

Vijana wenzangu mliobaki na mapampu, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na hotuba tatu, na katika hotuba zote tatu hakuna aliyetaja mende. Nilikaa pale mbele na suti yangu, nikasikiliza nikiitwa nguzo, dira na hazina, nikajiuliza kama nimekosea ukumbi. Nimeua wadudu majumbani kwa watu kwa miaka thelathini na mitatu, Mwanza mjini, Ilemela na mpaka ng'ambo ya ziwa. Sasa nina meza, nina kalamu, na nina mke anayetaka nisimsumbue jikoni. Nitaandika yale ambayo hotuba ziliyaruka. Vyeo na mishahara sitavigusa, maana havikuwa vingi kiasi cha kumaliza hata ukurasa.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Mirongo, kwenye nyumba ya mama mmoja aliyelalamikia mende jikoni. Nilipangiwa kufuatana na Mzee Bwire, Mjita mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyenuka dawa hata akitoka kanisani. Nilitarajia tuvae barakoa, tupulize, moshi utoke madirishani kama kwenye picha ya tangazo. Mzee Bwire alifunga mapazia ya jikoni, akakalia kigoda, akaniambia nikae chini na nisipumue kwa nguvu. Tulikaa hivyo gizani karibu nusu saa, saa nane mchana, jasho likitutiririka. Nikamuuliza kwa unyenyekevu tunafanya nini. Akasema tunawasubiri wenye nyumba.

Walikuja. Akawasha tochi ghafla akaniambia nisiwatazame wao, nitazame wanakokimbilia. Wote walikimbilia chini ya sinki, kwenye bomba lililokuwa likidondosha maji. Hapo ndipo nilipojifunza jambo la kwanza la kazi hii: mende anaweza kukaa muda mrefu bila chakula, lakini bila maji hafiki mbali, na wakati wa joto ndiyo kabisa. Mzee Bwire alikaza bomba, akakausha sinki kwa kitambaa, akaziba matundu ya ukutani kwa saruji kidogo, akachanganya asidi ya boriki na sukari na unga wa mahindi, akaweka mchanganyiko huo nyuma ya friji ambako mtoto hafiki. Kazi ikawa imekwisha. Mama akakasirika. Alisema ametoa hela yake kuona watu wakipuliza, si kuona wanaume wakikaa jikoni kwake na kupangusa sinki. Mzee Bwire hakubishana. Alijaza maji ya kawaida kwenye pampu, akavaa barakoa, akapuliza ukuta wa nje dakika kumi nzima, huku majirani wakitazama. Mama akatukaribisha chai.

Njiani aliniambia kwamba dawa ni ya mdudu na pampu ni ya mwenye nyumba, na nisije nikachanganya. Nimeikumbuka kauli hiyo kila wiki ya maisha yangu ya kazi.

Watu husema joto huleta wadudu. Haliwaleti. Walikuwepo, joto linawaharakisha tu. Yai lililokuwa lichukue wiki mbili linachukua siku chache, na mwenye nyumba anadhani amerogwa. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli, mabati yanapokuwa moto wa kukaangia yai, simu yetu ofisini ilikuwa haipoi. Na kabla ya kutupigia sisi, watu walikuwa wamekwisha kujaribu kila kitu: mafuta ya taa, dizeli, majivu, pilipili. Bwana mmoja kutoka upande wa Magu, mfugaji mwenye ng'ombe wengi, alikipulizia kitanda chake dawa ya kuogeshea mifugo halafu akakilalia. Nilimkuta hospitalini ametundikiwa dripu. Nilimweleza kwa kirefu kwamba angeweza kufa, na kwamba dawa ya josho haiingii chumba cha kulala hata siku moja. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama basi, kwa mwaka huu, angalau kupe hawatampata.

Mwingine alikuwa mfanyabiashara wa vipuri aliyejenga nyumba ya ghorofa ufukweni, madirisha ya kioo mpaka juu. Mnawajua wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kutoka majini kama moshi na kuvamia kila penye taa. Yeye alikuwa mgeni nao. Alitaka tupulize ziwa. Nilidhani anatania mpaka alipouliza tutahitaji mitumbwi mingapi. Nilimwambia azime taa za nje jioni na afunge pazia upande wa maji, basi, wataenda kwa jirani. Akasema amenielewa, lakini mke wake ameshawaambia mashoga zake kwamba leo mtaalamu anakuja. Kwa hiyo nilivaa ovaroli, glovu, barakoa na pampu mgongoni, nikapanda ghorofani mbele ya wanawake sita waliokaa wakinywa soda, nikazima taa.

Lakini kazi yenyewe hasa, vijana, ilikuwa ni kunguni. Na kuhusu kunguni, jambo la kwanza ni kwamba Mwanza hakuna kunguni. Muulizeni yeyote. Miaka thelathini na mitatu, hakuna mteja hata mmoja aliyenipigia simu akasema ana kunguni. Wote walikuwa na sisimizi. Sisimizi wanaouma usiku, sisimizi wanaokaa kwenye mishono ya godoro, sisimizi wanaoacha vidoa vya damu ukutani. Mkisikia mtu anasema, "Njoo uniangalizie sisimizi, lakini usije na gari la ofisi," mjue ni dawa gani ya kubeba.

Mende ni bahati mbaya, panya ni jirani mbaya, lakini kunguni ni aibu ya ukoo. Kwa hiyo tulikuwa tunaingia kwa kujificha. Mimi pampu yangu niliibeba kwenye gunia, nikaweka viazi vitamu juu yake, nikaingia kama mjomba kutoka shamba. Nimekuwa mjomba wa watu wengi sana. Kuna mtaa mmoja Nyamagana niliingia nyumba nne kwa mwezi mmoja, katika kila nyumba ni mjomba, na mzee mmoja wa hapo alinisimamisha akaniambia kwa heshima kwamba ukoo wetu ni mkubwa. Nilimjibu ni kweli, mzee wangu, tumezaliana.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimelizungukia tangu mwanzo. Lilitokea mwaka wangu wa mwisho kazini, na mnalijua kwa vipande tu, tena vipande vya kuchekesha.

Daraja la Kigongo–Busisi lilipoanza kupitisha magari, upande wa Busisi kulikuwa na nyumba ya wageni iliyokuwa ikiishi kwa watu waliochelewa kivuko. Sasa hakuna tena aliyechelewa. Watu walipita juu wakiitazama mabati. Baada ya miezi kama miwili mwenyewe aliamua kuigeuza stoo ya mahindi, akaniita niikague kwanza. Alikiri mwenyewe kwamba zamani kulikuwa na sisimizi wengi.

Nilikagua kuta, nikakagua milango. Sikuona kitu. Nikaamua kufanya jaribio la mwisho: nilijilaza kwenye kitanda kimoja, nimefunga pazia, niwe chambo. Nilikuwa nimechoka na safari, nikasinzia. Niliamka baada ya saa mbili, sina alama hata moja mwilini. Nikaandika kwenye ripoti, na baadhi yenu mliisoma mkacheka, kwamba wadudu wamehama kwa kukosa wateja.

Yule bwana alifurahi, akanipa zawadi. Lilikuwa godoro, la inchi nane, jipya, bado ndani ya nailoni yake, ambalo alisema alilinunua muda mfupi kabla wateja hawajaisha na halijawahi kulaliwa. Lilikuwa limesimamishwa pembeni ya chumba kile kile nilicholala. Nilimshukuru sana. Tuliliweka nyuma ya gari, tukapita darajani kwa dakika chache, upepo ukiipiga ile nailoni, na mimi nikijiona mtu aliyemaliza kazi zake vizuri. Kwenye kona moja nailoni ilikuwa imechanika. Niliona. Nilidhani ni ya safari.

Mzee Bwire alinifundisha kwamba kunguni anaweza kukaa miezi bila kula, amejibana, mwembamba kama karatasi, anasubiri. Alinifundisha hilo katika wiki yangu ya kwanza. Mimi nimelifundisha kwenu kila mwaka, tena ubaoni, kwa mchoro.

Ninaishi mtaa mmoja huku Buswelu, jina lake sitalitaja kwa sababu ambazo mtaziona. Wiki moja baada ya safari ya Busisi, jirani yetu Mzee Lubango alifariki, mzee wa watu, aliyekuwa akiugua muda mrefu. Mtaa wetu una utaratibu wake wa msiba. Kila nyumba inatoa godoro, kwa sababu ndugu wa marehemu watakuja kutoka Geita na Kwimba na hawawezi kulala sakafuni. Unaandika jina lako kwenye kona kwa kalamu ya wino mzito, unalipeleka mwenyewe kichwani, na watu wanaona umelipeleka. Mimi nilitoa lile la Busisi. Nilikuwa ninalitunza stoo kwa ajili ya wageni, na mgeni gani zaidi ya wafiwa.

Wanawake waliokuwa wakipanga malazi walilipokea kwa furaha. Mmoja alisema kwa sauti kwamba hili ni la fundi wa wadudu, hili ndilo salama kuliko yote, wapewe dada zake marehemu. Nilisimama pale mlangoni nikajisikia vizuri, Mungu anisamehe, kwenye msiba wa mtu. Wale dada wa marehemu walililalia siku nne. Mchana magodoro yote kumi na tisa yalirundikwa chumba kimoja, moja juu ya jingine, ili watu wapate nafasi ya kukaa, na usiku yakatandazwa tena. Baada ya mazishi na kuvunja matanga, kila mtu alichukua lake akarudi nalo nyumbani. Na joto lilikuwa kali kuliko miaka yote ninayokumbuka.

Baada ya wiki tatu simu zikaanza. Jirani wa kwanza aliniita pembeni ya duka, akatazama kushoto na kulia, akasema ana sisimizi na nisimwambie mtu. Nikaenda kwake na gunia la viazi. Siku mbili baadaye jirani yake wa ukuta mmoja, naye ana sisimizi, nisimwambie mtu. Kisha wa mbele yao. Nilipuliza nyumba moja, wadudu wakapita kwenye nyufa wakaenda ya pili. Nikapuliza ya pili, wakarudi ya kwanza. Nilizunguka ule mtaa na gunia langu mpaka viazi vikaanza kuota. Nyumba kumi na nane, na kila moja ilidhani iko peke yake duniani. Jioni watu walikaa barazani wakizungumza mambo ya mvua, na kila mmoja akijikuna kwa namna aliyoibuni, mwingine kwa kujifanya anatafuta simu mfukoni.

Wazo la lile godoro lilinijia kwenye nyumba ya pili. Nalisema wazi. Lilinijia nikalifukuza, kwa sababu nilikuwa nimebakiza mwezi mmoja tu nistaafu, na mtu hataki kuwaza jambo kama hilo mwezi wa mwisho.

Siri ya watu wengi haikai. Mtaa ulianza kusema kwamba kuna kunguni, lakini si kwetu, kwa watu. Na kwa kuwa ni lazima watoke mahali, ukaanza kutafutwa mtu. Akapatikana Mama Koku.

Mama Koku ni mjane wa Kihaya, amepanga chumba na kibaraza kwa Mzee Masanja, yeye na watoto wake wawili. Ni fundi cherehani. Anapunguza nguo za mitumba, anageuza suruali za mtu mzima kuwa za shule, anabadilisha zipu. Kibaraza kile ndicho mkate wake. Wateja wake wote wanakijua, na shule ya wanawe iko mita mia mbili kutoka pale. Watu wakasema mitumba hutoka Ulaya na Ulaya kuna kunguni, wameonyesha kwenye simu. Wateja wakapungua. Watoto wakaambiwa wasiwe wanakwenda kucheza kwake. Mzee Masanja akampa mpaka mwisho wa mwezi awe amehama, ila mwenyekiti wa mtaa, ambaye ni mwalimu mstaafu na anapenda utaratibu, akasema jambo hilo liende kwenye mkutano wa Jumapili, na kabla ya hapo fundi akague chumba, atoe ripoti ya kitaalamu.

Fundi ni mimi. Nilikwenda Ijumaa mchana. Alinipokea kwa shikamoo, akanipa kiti, akasimama kando na kuifunga mikono yake kwenye khanga. Nilipiga tochi kwenye kuta, kwenye mafurushi ya mitumba, kwenye droo za cherehani, kwenye mbao za mlango. Chumba kilikuwa kisafi kuliko chumba chochote nilichoingia mwaka huo. Kila nguo inayoingia kwake anaifua kwa maji ya moto na kuipiga pasi ya mkaa mishono yote, ndani na nje, kabla haijagusa kitu kingine. Hakuna mdudu anayepona hapo. Nilimwambia hana kunguni. Aliniuliza kama nitasema hivyo Jumapili, nikasema nitasema.

Nilimtangulizia mwenyekiti habari hiyo siku ile ile ili mambo yaishe mapema. Mzee Masanja alikuwa amekaa naye. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni. Akasema kwamba hilo ndilo alilokuwa akilihofia. Kama nyumba nyingine zinasemekana zina kunguni, na kwa yule mama hakuna hata mmoja, basi wametoka kwake wote wakaja kwetu. Angekuwa nao, angesema pengine ni mwathirika kama wengine. Mwenyekiti aliandika hoja hiyo kwenye daftari. Ukiwa umefanya kazi na wadudu maisha yako yote huwezi kujiandaa kwa jambo kama hilo.

Nilirudi nyumbani nikaenda moja kwa moja kwenye chumba chetu. Tangu msiba uishe tulikuwa tunalilalia lile godoro, sisi wenyewe, kwa sababu ya uzuri wake, na ngozi yangu mimi ilishawazoea wadudu hawa miaka mingi, haitoi alama. Nilifumua mshono wa kona ile iliyochanika nailoni. Walikuwa humo, wakubwa kwa wadogo, wamenenepa. Mke wangu, Mama Limi, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Nilimuuliza kama alikuwa haumwi. Akasema anaumwa wiki ya tatu hii. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikwambia, Baba Limi. Nilikwambia kuna sisimizi."

Alikuwa ameniambia kweli. Nami nilimjibu kwamba amwage maji ya sabuni kwenye njia yao. Miaka thelathini na mitatu ninatafsiri neno hilo kwa watu wa nje, na nyumbani kwangu nikalipokea kama lilivyo. Aliona aibu kumwambia mume wake, fundi wa kunguni, kwamba chumbani kwake kuna kunguni. Tulikaa kitandani wote wawili, halafu tukakumbuka, tukasimama.

Jumamosi nzima sikula vizuri. Nilikuwa na mlango wa kutokea: niseme kitaalamu kwamba chanzo hakijulikani. Hiyo ni lugha yetu, tunaiandika kila siku. Lakini nilijua kwamba pasipo chanzo kinachojulikana, chanzo kitakuwa Mama Koku. Upande wa pili kulikuwa na jina langu. Niliogopa sana, sitadanganya. Niliogopa kuliko siku niliyomkuta chatu kwenye dari la mtu kule Ilemela, maana chatu hasimulii.

Jumapili baada ya ibada watu walijaa kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa, kila mtu na kiti chake cha plastiki, kwa sababu viti vya mbao vina nyufa na hakuna aliyetaka kukaa kwenye cha mwenzake. Mzee Masanja alieleza hoja yake vizuri, kwa upole. Mama Koku alikaa mbele na binti yake mdogo mapajani, anatazama chini. Mwenyekiti akanikaribisha nitoe ripoti.

Nilikuwa nimeandika karatasi mbili. Nilizikunja. Nikasema, "Wadudu hawa wametoka kwangu. Wamekuja na godoro langu nililotoa msibani. Mpaka leo wako chumbani kwangu."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia mtu mmoja akiacha kujikuna. Mwenyekiti alishika kalamu juu ya daftari asijue aandike nini, kwa kuwa kwenye utaratibu wake hakukuwa na kipengele cha mtu anayejisema. Kisha bibi mmoja wa nyuma, Mungu ambariki, akasimama polepole, akaja mpaka mbele, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, mwanangu," akasema. "Imekuwaje?"

Na hapo mtaa mzima ukajua la kufanya. Walinijia mmoja mmoja kunipa pole, wameinamisha vichwa, kama nimefiwa. Wanaume wote ambao niliingia kwao na gunia la viazi walinishika mkono wakaniuliza kwa huruma kunguni wanafananaje. Mzee Masanja aliniambia nijikaze. Mtu akapendekeza iundwe kamati, ikaundwa. Kamati ikaamua kwamba haiwezekani fundi aanike godoro lake peke yake kama mkiwa. Jumamosi ijayo kila nyumba itatoa magodoro na matandiko yake yote juani, siyo kwa sababu yana kitu, bali kumsindikiza mwenzao. Yale masufuria makubwa ya msibani yatatolewa tena kuchemshia mashuka. Na kwa kuwa fundi atakuwa na pampu mgongoni, si vibaya akipita kila nyumba, kwa tahadhari.

Ikawa hivyo. Sijawahi kuona kazi kama ile, na kwa miaka yote nilikuwa nikiwaambia watu kwamba kunguni hamuwezi kuwamaliza nyumba moja moja, ni lazima mtaa wote, siku moja, jua kali. Hakuna aliyewahi kunisikiliza mpaka nilipopata msiba. Magodoro yalifunikwa nailoni nyeusi juu ya mabati ya moto, mashuka yakachemka, vitanda vikafumuliwa, maji ya moto yakamiminwa kwenye kila ufa. Nilipuliza nyumba kumi na tisa na nikarudia baada ya siku kumi na nne kwa ajili ya mayai. Wakaisha wote. Mpaka leo historia ya mtaa wetu inasema kwamba ni nyumba moja tu iliyowahi kupata kunguni, nayo ni ya yule aliyekuwa akiwaua. Watoto wanaelekezana kwangu kwa jina la mwenye kunguni. Huwa ninaitika.

Mzee Masanja hakusema kwamba amefuta notisi. Alikwenda tu kwa Mama Koku na suruali mbili akaomba zipunguzwe.

Ile Jumamosi yenyewe, jua likiwa kali, Mama Koku alikuja uani kwetu na pasi yake ya mkaa. Godoro langu lilikuwa limelazwa juu ya mabenchi mawili. Hakuuliza, alianza kupiga pasi mishono, taratibu, juu ya kitambaa kibichi, mvuke ukipanda. Nilimshukuru. Nikaanza kumwambia kwamba nilichelewa kujua, kwamba ni ile Ijumaa baada ya kutoka kwake ndipo nilipofumua godoro.

Alinyoosha mshono kwa kidole kabla ya kujibu.

"Baba Limi, siku ile ulipokuja kukagua, ulitazama kila kitu. Mpaka droo ya nyuzi. Godoro langu hukuliinua."

Kila mtu wa kazi hii huanza na godoro. Mtoto wa siku moja kazini anaanza na godoro. Mimi sikuliinua kwa sababu nilijua hakuna kitu chini yake, na nilijua kwa sababu nilikuwa nimejua tangu nyumba ya pili, na wiki nzima nilikuwa nimepita mbele ya kibaraza chake kisicho na wateja, nikimsalimia.

Nilimwambia ndiyo. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema pale mkutanoni kabla sijasimama.

"Nilikuwa ninakusubiri," akasema. Kisha akaniambia nishike upande wa pili, tuligeuze.